LSU 2019: walishinda vipi mechi zote 15?

Swali, Lubumbashi: Jambo yenu, wandugu. Hapa Kamalondo tunajua Mazembe na Lupopo, ila mpira wa Amerika bado unatusumbua. LSU, timu ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, walimaliza msimu bila kupoteza, fainali 42-25 mbele ya Clemson, chuo kingine. Ni Joe Burrow, mrushaji wao wa pasi, peke yake?

Jibu: Hapana, yaya. Burrow alirusha pasi 60 za kufunga, kweli, lakini angalia mpangilio. Mara nyingi walituma wapokeaji watano, hata mkimbiaji Edwards-Helaire. Nyuma wanabaki wazuiaji watano tu wa kumlinda Burrow. Adui akituma watu sita, mmoja anafika bila kuguswa. Kwa hiyo Burrow alisoma ulinzi kabla mpira haujaanza, akajua nafasi iko wapi, na mpira ukamtoka haraka. Ukichelewa hapo, unaangushwa na yadi zinapotea. Ule usomaji ndio ulinivutia kuliko nguvu ya mkono.

Jibu: Wazuiaji msiwasahau, walipata tuzo ya Joe Moore, ya safu bora ya wazuiaji. Tena wapokeaji wawili: Chase alifunga mara 20, Jefferson 18. Ukimwekea Chase walinzi wawili, Jefferson anabaki na mmoja.

Jibu: Mkijaribu uwanjani, pimeni kamba ya mita 9.14, ndiyo yadi 10 ambazo timu inapaswa kusonga kwa majaribio manne. Anzeni na wapokeaji watatu: mbio mita 5, geuka. Pasi irushwe kabla mpokeaji hajageuka, la sivyo mlinzi anaikata.