Tupeane uzoefu: vitu vya kuchezea vya utotoni ulivyovikuta stoo, darini au mvunguni

Bin Kuze
Assalaam aleikum, hamjambo nyote.

Nyumbani kwa mama hapa Kuze, Mombasa, boriti za dari zimeanza kuoza, na fundi amekataa kupanda mpaka juu pawe peupe. Basi tukaanza kuteremsha: magodoro ya pamba, taa za chemli, mafeni mabovu, na sanduku la bati alilokuwa akisafiria marehemu baba enzi zake za ubaharia. Tulidhani lina nguo zake. Kumbe limejaa vitu vyetu vya kuchezea, tangu tukiwa wachanga hadi nilipoingia sekondari. Kila mama alipotuona tumekichoka kitu, alikiokota kimyakimya akakitia humo.

Kilichonishika zaidi ni kamera ya Makka. Mliolelewa pwani mwaijua. Nyanya akirudi Hija, pamoja na zamzam, tende na tasbihi, watoto huletewa kijikamera cha plastiki. Ukitia jicho waona Kaaba, ukibonyeza waona mahema ya Mina, ukibonyeza tena waona kuba la kijani la Madina. Kibonye cha yangu kilikuwa kimeganda. Nikadondosha tone la mafuta ya cherehani, nikaiwacha usiku kucha, asubuhi ikalia "ka!" na picha ikageuka. Ila picha zote zimekuwa nyekundu. Filamu za rangi za zamani zikikaa miaka kwenye joto, aghalabu samawati ndiyo hutangulia kutoka, na wekundu ukabaki. Mwanangu alipochungulia akaniuliza kwani Madina wamelipaka rangi mpya lile kuba.

Haya, nanyi tupeane. Ulikuta nini, kilikuwa katika hali gani, na ukakifanya nini? Tafadhali zile habari za "watoto wa siku hizi hawajui kucheza" tuziache, tumezisikia za kutosha. Wangu wanacheza kutwa nzima, kelele zao nazijua mimi.

Mama wa Wanne, Kisauni
Waaleikum salaam. Mimi nina wanasesere wawili.

Wa kwanza aliletwa na khale, dadake mama, kutoka Dubai, wa plastiki laini, nywele za dhahabu, macho ya kufumba ukimlaza. Huyo alikuwa wa kuonyeshwa wageni, nami nikimpata Idi hadi Idi. Wa pili alinishonea nyanya kwa mkono wake: mwili wa kitambaa cha marekani, ndani sufi, nywele za uzi mweusi, na kagauni ka kipande cha leso. Huyo ndiye niliyelala naye, nikala naye, nikachapwa naye.

Nilipofungua mfuko baada ya miaka yote hiyo, yule wa Dubai amenata mwili mzima. Mikono imegandana na kifua, vumbi limemshika, na ile harufu msiniulize. Nikamwosha kwa sabuni, akakauka vizuri, kisha akanata tena. Shemeji yangu anafanya kazi kiwanda cha plastiki, ndiye aliyenieleza. Plastiki ile wakati wa kutengenezwa hutiwa dawa ya kuilainisha, na kwenye joto dawa hiyo hutoka nje kidogo kidogo. Ukimfungia kwenye mfuko wa nailoni ndio wazidi kumharibu, kwa sababu yote hujikusanya juu ya ngozi yake. Sasa nimempaka poda, nikamviringisha kwenye kitambaa cha pamba, yuko kabatini mbali na jua. Kupona hatapona.

Wa nyanya yuko vilevile, ila panya wamemtoboa kisigino. Kagauni kake kamekatwa pale pale penye jina la leso, na herufi zilizosalia ni "NGU ATAJ". Nilimpelekea mama, naye akaijua papo hapo. Ni leso ya khale yuyo huyo wa Dubai, aliyovaa siku ya arobaini yangu. Iliungua pasi, nyanya akaokoa kipande kilicho kizima. Kwa hiyo wanasesere wote wawili ni wa khale, nami siku zote nikimpa sifa za mmoja tu.

Mtu wa Likoni
Nyinyi mna bahati. Mimi nilipomuuliza mama gari langu la waya liko wapi, akanijibu bila hata kuinua kichwa kwenye mbuzi ya nazi: "Nalimpa yule wa skrepu." Kwa kilo! Matatu yangu niliyoipinda mwezi mzima wa likizo imepimwa kwa kilo pamoja na mabati na sufuria lililotoboka.

Kwa wasiojua, gari la waya lilikuwa na ngazi zake. Wanaoanza hupinda boksi tu. Fundi wa kweli alitia boneti, siti, keria juu, na usukani mrefu unaofika kifuani ili ukimbie nalo wima huku mkono ukikata kona. Waya mnene tuliupata kwenye uzio wa watu (Mungu atusamehe), waya mwembamba wa kufungia tulichoma mataira mabovu tukautoa ndani. Magurudumu ni kandambili, unaigandamiza kwa mdomo wa kopo lililochongoka inatoka duara safi. Langu lilikuwa na balbu ya tochi mbele na betri chini ya siti. Jumapili asubuhi magari yakiwa machache tulishindana kwenye mteremko wa feri, mpaka askari atufukuze.

La kaka yangu lilisalia. Lilikuwa limetundikwa nyuma ya nyumba upande wa baharini. Juzi nimelishusha, boneti ikabaki kwenye msumari, mengine yakamwagika mikononi. Hewa ya chumvi na waya haviishi nyumba moja.

Mzaliwa wa Majengo
Nasoma habari za darini na masanduku nacheka. Sisi tulikuwa nyumba ya Kiswahili ya kupanga, ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, kila chumba familia yake. Stoo ilikuwa mvunguni, na mvunguni kulikuwa na mchele, ndoo, viatu na mdogo wangu akijificha asiende chuo cha Kurani.

Nilikuwa na gololi zimejaa kopo la Kimbo. Za kioo zenye jicho la bluu, na za chuma tulizokuwa tukipewa na mafundi wa magari wakivunja beringi. Tulipoambiwa tunahama nikazifukia uani chini ya mwarobaini, nikaweka jiwe, kwa nia ya kurudi. Siku hizi pale pana ghorofa ya kupangisha na duka la M-Pesa. Kwa hiyo stoo yangu ninayo, ila imejengewa juu. Kioo hakiozi, wenye ghorofa wakibomoa mnipigie.

Mama wa Wanne, Kisauni
😂😂 Mwarobaini wenyewe walikuachia angalau?

Mzaliwa wa Majengo
Hata jani.

Fundi wa Mwembe Tayari
Naomba niingilie kwa upande wa vitu vya betri, maana wiki haipiti bila mtu kuniletea gari la rimoti au roboti "ilikuwa stoo tu, haikutumika". Kutotumika ndiko kulikoiua. Betri ikikaa ndani, huvuja. Ule unga mweupe unaouona kwenye springi za betri za alkalini unachoma ngozi, usiukwangue kwa kucha wala kuupuliza. Vaa glavu, tia siki au maji ya limau kwenye kipamba, paka. Utaona unachemka kidogo, huo ndio unakufa. Futa, kausha kabisa, kisha piga msasa laini springi mpaka chuma ing'ae. Zile betri za bei rahisi za kaboni na zinki uvujaji wake una asidi, huko siki haisaidii, tumia soda ya kuokea iliyokorogwa na maji. Waya ukishaliwa mpaka kijani kikaingia ndani, ubadilishe wote.

Jingine ni gemu za kaseti. Wengi wenu mlicheza zile nakala za Famicom ya Nintendo, mashine iliyotoka Japani 1983, ambayo nakala zake za bei nafuu zikatapakaa duniani, huku kwetu zikaingia kila mtaa. Kaseti ikikataa, wote tulipuliza. Basi mate na unyevu wa pumzi vilikuwa vinatia kutu vile vidole vya shaba. Iliyokuwa ikisaidia ni ile kuitoa na kuirudisha, kwa sababu vidole vinasuguana. Chukua kipamba chenye spiriti, futa mpaka kipamba kitoke cheupe. Nimeamsha kaseti zilizolala miaka kwenye ndoo kwa njia hiyo tu. Na baadhi ya televisheni bapa za sasa bado zina matundu ya AV (ya waya za picha na sauti), tazama nyuma au ubavuni, lile la njano ndilo la picha.

Plastiki iliyogeuka njano wacheni. Kuna wanaoitia dawa ya kung'arisha nywele na kuianika juani, inakuwa nyeupe kweli, lakini njano huweza kurudi.

Mwalimu Mstaafu, Tudor
Nimefurahi kusoma. Nami nichangie kuhusu vigari vya chuma.

Marehemu mume wangu alikuwa karani bandarini, na meli zikija wapo mabaharia waliokuwa wakiuza vitu vidogo. Wanangu wakapata vigari vya Matchbox. Mwaka jana nilivikuta ndani ya mkoba wa kili pamoja na ripoti zao za shule (ripoti nimezificha, wasije wajukuu wakazisoma). Mkitaka kujua umri wa kigari chenu, kigeuzeni mtazame tumboni. Kikiwa na neno Lesney, yaani kampuni iliyokuwa ikivitengeneza, na England, basi ni kabla ya kampuni ile kufilisika 1982. Baada ya hapo jina la Matchbox liliendelea mikononi mwa wengine, na vigari vikatengenezwa Asia. Vilianza 1953, na inasimuliwa kwamba fundi wao Jack Odell alikuwa na binti ambaye shuleni kwao waliruhusiwa kuchukua kitu kinachoenea ndani ya kibiriti tu, ndiyo maana vikawa na udogo ule.

Wajukuu walivitaka papo hapo. Wakubwa nimewapa. Yule anayetambaa nimemnyima, akalia sana, na mama yake akaona nina roho ngumu. Rangi za zamani ziliweza kuwa na madini ya risasi, Marekani wenyewe walizipiga marufuku kwenye vitu vya watoto mwaka 1978, na risasi mtoto akiilamba inaathiri ubongo. Rangi ikiwa inabanduka, kitu hicho ni cha kutazamwa rafuni. Nisameheni, ualimu hauishi.

Mtu wa Likoni
Mwalimu shikamoo. Na ngalawa za mbao je? Nina moja nilichongewa na ami yangu, mchwa wameila tezi (nyuma) lote, omo (mbele) ni zima. Tanga lake lilikuwa mfuko wa plastiki wa dukani, na mfuko wenyewe bado mzima kuliko ngalawa! Tangu Agosti 2017 mifuko ile ni marufuku, kwa hiyo nimehifadhi ushahidi dhidi yangu mwenyewe.

Mwalimu Mstaafu, Tudor
Marahaba. Liondoe tanga kabla hawajakukamata, ukate kitambaa. Hilo tezi mpe seremala aliungie. Mbao ikishaingiwa na mchwa usiirudishe ndani ya nyumba mpaka uianike na kuipaka dawa, maana watahamia kwenye vitanda.

Bin Kuze
Nimewasoma wote, shukran. Sasa nina tatizo. Chini kabisa ya vitu kuna ubao wetu wa keram, ule mchezo wa kupiga kete kwa kidole ziingie kwenye tundu za pembeni. Ule mkubwa, hatukuwahi kuuweka kwenye meza, ulikuwa wa kuwekwa juu ya pipa barazani na wazee wakitunyang'anya kila baada ya Alasiri. Dari ilivuja juu yake, pembe moja imeinuka, na wavu wa tundu mbili umeoza. Kete tisa nyeusi zote zipo, nyeupe zipo saba. Wapo waliowahi kuunyosha?

Seremala wa Magongo
Unanyooka, usiutupe. Kwanza usiuanike juani, utapasuka tabaka. Upande uliobonyea, yaani wenye shimo, uloweshe kidogo kwa kitambaa chenye maji, uinamishe juu ya sakafu iliyo sawa, halafu pandisha uzito: matofali, mifuko ya mchele, chochote. Uache wiki, ubonyeze, ukiwa bado uurudie. Fremu ikiwa imeachia, gundi ya mbao na klempu. Sehemu ya kuchezea isipake vanishi nene, kete zitakwama. Piga msasa namba 400, kisha futa kwa kitambaa kikavu. Poda ya kutelezesha kete tumia ya boriki lakini weka mbali na watoto, ikiingia tumboni ni sumu. Wavu wa tundu kata chandarua cha zamani, shona.

Bin Kuze
Allah akulipe. Mifuko ya mchele mama amekubali, kwa sharti nisiitoboe. Straika, ile kete ya kupigia, nimeipata ndani ya soksi. Ile kete nyekundu ndiyo haipo, kwa sasa tutachezea kifuniko cha soda. Nyeupe mbili na nyekundu moja, mwenye ziada anijuze, nitamfuata popote alipo, hata kama ni ng'ambo ya feri.