Kabro mlangoni zimezama

Mwenye duka: Wakuu, nauza spika na rimoti Luthuli Avenue, Nairobi. Tangu njia ya miguu ipanuliwe 2019, magari yakawa yanaenda upande mmoja tu, mteja anasimama akachagua bila kukanyagwa. Ila mlangoni kabro, vile vitofali vya zege vya kutandika njia, zimezama, mvua ikinyesha ni dimbwi. Nikimwaga simiti juu?

Fundi: Usithubutu, boss! Itapasuka. Ng'oa zilizozama, ongeza kokoto, shindilia sawasawa, tandaza mchanga, rudisha zilezile. Mianya ijaze mchanga mkavu kwa ufagio. Ukingo ukiwa umelegea anza nao, la sivyo zitatawanyika tena.

Jirani: Kwanza kibali cha kaunti, hiyo si veranda yako. Na nani hupandisha mkokoteni hapo?

Mwenye duka: Jamaa wa friji, kila asubuhi. Kumbe uzito wake ndio unazizamisha!