Mrejesho: Stuli ya mninga iliyokuwa inayumba

Wakuu, nimerudi. Ni mimi yule niliyewaomba ushauri kuhusu stuli inayoyumba na yenye madoa ya gundi: nikipunguza mguu huu, unaanza ule, hadi sentimita 45 zikabaki 41. Asanteni wote, hata mlionicheka. Nilistahili.

Nilifuata ushauri wa kuacha kupima kila mguu kivyake. Kumbe kwanza sakafu ya banda langu ndiyo mbovu! Niliihamishia stuli juu ya meza ya kioo (mama watoto hakufurahi), nikachomeka vipande vya boksi chini ya miguu mifupi mpaka ikatulia. Kisha nikalaza penseli juu ya kibao chembamba, nikaizungusha kila mguu pande zote nne, nikakata kwenye mstari. Sasa imekaa tuli, sentimita 40.

Kilichonishinda ni yale madoa meupe ya gundi. Msasa namba 120 niliona umeyamaliza, lakini vanishi ilipokauka mawili yakajitokeza tena pale kwenye kiungo. Mliosema nikwangue kwanza kwa patasi mlikuwa sahihi, haraka zangu tu. Kwa sasa upande huo unaangalia ukuta.