CSV ifunguke kwa programu yangu, si kwa Excel: njia ipi haivurugi mengine?

katibu_wa_kikundi
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa. Kila mwisho wa mwezi napokea orodha ya malipo kwa CSV (faili la maandishi lenye data iliyotenganishwa kwa mkato). Kwa mweka hazina ikibofywa inafunguka kwenye Excel, na hapo namba za simu zinapoteza sifuri ya mbele. Zilizoanza na 255 zinageuka kitu kama 2.55712E+11. Mwezi uliopita tulihifadhi bila kuangalia, ikabidi niwapigie wanachama 14 kuziomba upya, na wengine niliwafuata nyumbani. Sasa nimeandika programu ndogo ya Python, inasoma orodha kama maandishi na kutoa risiti. Nataka faili likibofywa mara mbili liende huko. Mimi natumia Ubuntu, mweka hazina Windows 10. Mngechagua njia ipi?

Binti_Pwani
Pole sana ndugu katibu. Njia fupi: bofya kulia, nenda kwenye "fungua kwa", chagua programu yako na uiweke iwe ya kudumu. Nusu dakika tu.

fundi_terminali
Dada Binti, nusu dakika ni kweli, lakini kuanzia hapo CSV zote zitakwenda kwenye risiti, hata taarifa ya benki. Mfumo hauangalii orodha hii ni ya nani, unaangalia aina tu. Mimi ningelipa faili kiendelezi chake (herufi za mwisho wa jina, baada ya nukta), tuseme `.chama`.

Tahadhari kwa upande wa Ubuntu: usibadilishe jina ukaishia hapo. Kiendelezi kisichojulikana, mfumo unachungulia yaliyomo, unakuta maandishi, unalihesabu text/plain, yaani maandishi ya kawaida. Ukilifunganisha na programu yako wakati huo, umefunganisha na kila faili la .txt. Tangaza aina kwanza, kwa faili `chama.xml` ndani ya `~/.local/share/mime/packages`:

```
<mime-info xmlns="http://www.freedesktop.org/standards/shared-mime-info">
 <mime-type type="application/x-chama">
  <sub-class-of type="text/plain"/>
  <glob pattern="*.chama"/>
 </mime-type>
</mime-info>
```

Kisha `risiti.desktop` ndani ya `~/.local/share/applications`:

```
[Desktop Entry]
Type=Application
Name=Risiti
Exec=python3 /home/katibu/risiti.py %f
MimeType=application/x-chama;
```

Malizia kwa amri hizi:

```
update-mime-database ~/.local/share/mime
update-desktop-database ~/.local/share/applications
xdg-mime default risiti.desktop application/x-chama
```

Kwenye Exec andika njia kamili. Alama ya ~ haisomwi pale. Ukitaka kuhakiki, `xdg-mime query filetype machi.chama` itakuambia mfumo unalionaje.

Mzee_Kibodi
Naunga mkono. Kwa Windows kuna sababu ya ziada. Tangu Windows 8, chaguo la mtumiaji kwa kiendelezi kama .csv linalindwa kwa alama ya uthibitisho. Ukiligeuza mwenyewe kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows), Windows inalikataa na kurudi kwenye chaguo la kawaida. Ndiyo maana watu wanahangaika na amri za assoc na ftype, tena zinazodai haki za msimamizi, na .csv haibanduki kwenye Excel. Kiendelezi kipya hakina chaguo la zamani la kupigana nalo. Chini ya `HKEY_CURRENT_USER\Software\Classes` andikisha `.chama`, na kwenye amri ya kufungulia weka `"%1"` pamoja na alama zake za nukuu. Ukiziacha, faili lenye nafasi kwenye jina litafika vipande vipande, na programu itadai halipo.

Binti_Pwani
Fundi, nimekuelewa, na lile la .txt sikulijua. Lakini mfikirieni mweka hazina. Akilituma faili la .chama kwa mkaguzi, mkaguzi atalifungulia wapi? Kwake ningeacha CSV ibaki CSV. Abonyeze Windows na R, aandike `shell:sendto`, aweke humo faili dogo la bat (faili la amri za Windows) linaloita programu. Atabofya kulia na kuchagua "tuma kwa". Ni hatua moja zaidi, lakini hakuna kilichobadilishwa kwenye kompyuta yake.

Mzee_Kibodi
Hapo umesema kweli, binti yangu. Kwa kompyuta inayotumiwa na zaidi ya mtu mmoja, hata mimi ningeanza na hiyo.

katibu_wa_kikundi
Ahsanteni sana. Kwangu .chama imekubali, sifuri zote zipo. Kwa mweka hazina nilijaribu .chama pia, nikabadilisha jina, lakini bado inafunguka Excel!

fundi_terminali
Windows inaficha viendelezi inavyovijua. Bila shaka jina lake sasa ni `machi.chama.csv`. Washa uonyeshaji wa viendelezi kwenye dirisha la mafaili utaiona.

katibu_wa_kikundi
Ndiyo yenyewe, mkuu. Nimeirudisha kuwa CSV, na kesho jioni namwekea ile "tuma kwa" ya Dada Binti.