Mjadala: Watoto wakimbizi waendelee kuigiza kukimbia kwao mbele ya mgeni rasmi?

Ndugu zangu, naomba tulijadili hili waziwazi, hasa walimu na wazazi mlio kambini au kwenye vijiji vinavyopakana na kambi.

Kila tarehe 20 Juni tunaadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani. Umoja wa Mataifa unaiadhimisha tangu 2001, na sisi Waafrika tulikuwa na siku yetu ya wakimbizi hata kabla ya hapo. Ratiba yake mnaijua: turubai, viti vya plastiki, risala, kwaya, ngoma, kisha watoto wa shule na igizo lao. Na igizo lenyewe mwaka nenda mwaka rudi ni lile lile. Watoto wanalima huku wanaimba. Mtu anagonga debe nyuma ya turubai, hizo ndizo risasi. Wengine wanaanguka, wengine wanafunga mizigo, wanavuka mto uliotandazwa kwa khanga, wanapokewa na mtu aliyevaa fulana yenye nembo. Mwisho ni ngonjera ya shukrani, na wageni wanapiga picha.

Mimi nafundisha sanaa mkoani Kigoma. Katika mazoezi ya igizo la namna hiyo nilimwona binti wa miaka kama kumi, aliyevushwa mpaka wa nchi akiwa mdogo, amebebeshwa dumu la lita tano na furushi la kitenge. Msimamizi akamwambia, "Ukifika hapa unalia, kama mlivyolia siku ile." Alifanya yote aliyoelekezwa. Alitembea, akainama, akageuka nyuma. Penye kulia akasimama tu, akawa anafungua kifuniko cha dumu na kukifunga, anakifungua na kukifunga. Msimamizi akasema huyu hajui kuigiza, akaweka mwingine. Huyo wa pili alilia vizuri sana, na siku ya sherehe watu wakamtunza.

Msimamo wangu nautoa mapema. Mtoto asipangiwe kuigiza kukimbia kwake mwenyewe mbele ya watu wasio na jibu la kumpa. Akitaka kuisema habari hiyo kwa hiari yake, kwa maneno yake, hilo ni jambo jingine kabisa.

Najua tumezoea. Ngonjera aliyoiasisi mshairi Mathias Mnyampala ilishika sana shuleni baada ya Azimio la Arusha la 1967, na hadi leo mtoto wa Tanzania akisimama mbele ya mgeni rasmi huwa kaja kusifu au kuomba. Siidharau ngonjera, naifundisha: mtoto anajifunza vina na mizani, anajifunza kusubiri zamu yake. Ila mtoto anayesifu zahanati mpya hachomoi kitu kifuani mwake. Anayeambiwa aonyeshe usiku ambao baba yake hakurudi anachomoa, na wageni wakishapanda magari yao sijui nani anabaki naye usiku ule.

Tunaambiwa sanaa inaponya. Naam, inaponya ikipewa muda, ikiwa na mtu mzima yuleyule wiki baada ya wiki, na mtoto akiwa na ruhusa ya kusema leo sitaki. Mazoezi ya haraka yanayoanza Juni na kuisha tarehe 20 hayana hata kimoja katika hivyo.

Na si kwamba hatujui njia nyingine. Mwaka 1996 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Profesa Penina Mlama akiwa miongoni mwao, walianzisha mpango wa Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana walichunguza wenyewe kinachowakwamisha shuleni, wakajadiliana, wakatunga maigizo na nyimbo, wakaonyesha, kisha ukafuata mjadala na mpango wa hatua za kuchukua. Baadaye FAWE, jumuiya ya wanawake waelimishaji wa Afrika, ikaupeleka mpango huo nchi nyingine za Afrika. Mambo waliyoigiza yalikuwa machungu na yalikuwa yao, na mimi sina neno juu ya hilo, kwa sababu waliokuwa wakitazama walikuwa walimu, wanafunzi wenzao na wazazi. Mtu aliyeguswa na igizo alikuwa na kitu cha kubadilisha Jumatatu asubuhi. Mgeni wetu wa Juni ana ndege ya kuwahi.

Mfano mwingine uko mbali, lakini mikono iliyoutengeneza ni ya Afrika. Mwaka 2021 mwanasesere mwenye kimo cha mita 3.5, msichana wa Kisyria aitwaye Amal, alitembezwa kilomita 8,000 kutoka Gaziantep, Uturuki, hadi Manchester, Uingereza. Aliundwa na Handspring Puppet Company ya Cape Town. Katika miji mingi watoto wa shule walitoka kumlaki, na walimu walipewa mazoezi ya kufundishia uhamaji kupitia safari yake. Huko Larissa, Ugiriki, alirushiwa mawe. Hebu fikirini hapo. Yale mawe yalimpata mwanasesere, hayakumpata mtoto. Kuna waliosema ni fedha nyingi kwa mwanasesere wakati wakimbizi wenyewe wamelala nje, na hoja hiyo ina uzito. Ila watu wale walitambua kwamba anayebeba habari nzito kama hii hadharani si lazima awe mtoto.

Nini badala yake? Nianze na darasa. Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa 1996 wilayani Kasulu, watoto wa Kikongo waliwekewa mtaala wa Kongo na wa Kirundi mtaala wa Burundi, eti kwa sababu watarudi. Wenzao wa vijiji vya jirani wanafuata wa Tanzania. Mkimbizi akitaka kutoka zaidi ya kilomita 4 sharti awe na kibali. Kwa hiyo mtoto wa kambini na mtoto wa kijijini, ambao wote wanatania na kugombana kwa Kiswahili, hawakutani darasani hata siku moja. Sanaa ndiyo ingewakutanisha. Wafundishwe pamoja, mwaka mzima, ngoma kwa ufundi wake, uchoraji, utunzi, na mada wachague wao.

Na watachagua mambo ambayo hatukuyategemea. Chukua ngoma za Burundi. UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika 2014, na 2017 amri ya rais wa Burundi ikakataza wanawake kuzipiga. Binti wa Kirundi aliyezaliwa Kigoma akitaka kuzipiga, mwalimu amjibuje? Babu yake anasemaje? Huo ni mjadala wa uhamaji na sanaa unaomgusa kweli, na hauhitaji debe la risasi.

Karibuni. Ninaomba zaidi waniambie wasiokubaliana nami.

Mwalimu wa sekondari, Kakuma:

Mwalimu wa Kigoma, shikamoo na heshima zako, lakini mimi nakupinga. Kambi yetu ya Kakuma, hapa Kenya, ipo tangu 1992. Shule zetu zinafuata mtaala wa Kenya, na drama kwetu ni mashindano, si sherehe ya wageni pekee. Nina msichana wa kidato cha tatu kutoka Sudan Kusini aliyeandika masimulizi ya mtu mmoja kuhusu safari yao. Ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kusimamia. Nimwambie aandike kuhusu usafi wa mazingira kwa sababu kuna mtu Kigoma anaogopa ataumia?

Wakenya tumeona wakubwa wakianza kuamua mtoto aseme nini jukwaani inaishia wapi. Aprili 2025, kwenye tamasha la kitaifa la drama Nakuru, mahakama ilikuwa imeruhusu igizo la shule ya wasichana ya Butere lichezwe. Polisi wakarusha vitoa machozi na wasichana wakaondoka bila kuigiza. Sitaki kuwa upande mmoja na watu wanaochuja mada za watoto, hata kama nia ni njema.

Na kuna jambo ambalo hukuligusa. Watoto wa Kiturkana, ambao ndio wenyeji, hutazama igizo la wakimbizi kila mwaka na kuuliza, "Na sisi njaa yetu itaigizwa lini?" Hao nao uwajibu.

Mama wa Uvira, niko kambi ya Dzaleka, Malawi:

Nawasalimu wote. Huku tuna tamasha letu, Tumaini, jina la Kiswahili katikati ya Malawi. Lilianzishwa 2014 na ndugu yetu Trésor Nzengu Mpauni, mshairi na mkimbizi kutoka Kongo kama sisi. Kuingia ni bure. Wamalawi wanakuja, wasanii wa kwao na wa kwetu wanapanda jukwaa moja, wageni wengine wanalala majumbani mwetu. Mimi nimewapikia. Mtu akilala kwako, akala fufu yako, akaoga kwa maji uliyomtekea, hakuulizi ulikimbiaje. Anakuuliza mtoto wako anasoma darasa la ngapi.

Mwanangu anacheza dansi kwenye tamasha hilo. Hachezi vita, anacheza ndombolo. Watu wanapiga kelele za furaha.

Lakini nisidanganye watu. Kambi hii ilitengenezwa kwa watu 10,000, sasa tumepita 50,000. Mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa wanaishi mijini warudi kambini, wengine waliletwa kwa nguvu na maduka yao yakabaki huko. Wageni wa tamasha walikuwa wametupenda, na amri ikaja tu.

Kijana wa Katumba, makazi ya wakimbizi wa zamani, Tanzania:

Babu alikuja kutoka Burundi 1972. Mimi ni Mtanzania, familia yetu ilipata vyeti vya uraia. Shuleni kila likiwepo igizo lenye mkimbizi, napangwa mimi. Mara moja niliomba kuwa daktari, mwalimu akacheka. Naunga mkono mtoa mada.

Mtoa mada:

Mwalimu wa Kakuma, marahaba. Hoja ya Butere imenikaa, na nakubali nusu yake. Sitaki mada yoyote ipigwe marufuku. Msichana wako aliandika mwenyewe, wewe ukamsaidia kuinoa kazi, akaenda kushindana na wasichana wengine wa Kenya kwa vigezo vilevile. Huyo ni msanii. Binti wa dumu niliyemweleza hakuandika kitu. Alipangiwa na mtu mzima, kwa ajili ya watu wazima, na machozi yakiwa sehemu ya maelekezo. Ningependa kujua tu kama msichana wako akiamka asubuhi ya mashindano akasema hawezi, kuna mtu atamlazimisha kwa sababu basi limeshalipiwa. Kama hayupo, mimi na wewe hatugombani.

Kuhusu watoto wa Kiturkana, hapo umenipata, na ndiyo sababu nang'ang'ania darasa la pamoja. Kigoma ni hivyohivyo. Mtoto wa kijijini anamwona mwenzake akipewa soda na fulana kwa sababu ya kuigiza shida, naye nyumbani kwao shida ipo. Tukiendelea kulipa shida soda, watoto watashindana kwa shida. Lakini sikubali kwamba dawa ni kuwapandisha Waturkana nao wakaigize njaa.

Mama wa Uvira, nimesoma ulichoandika zaidi ya mara moja. Tamasha lenu limeshinda yetu mengi kwa jambo moja, kwamba waandaaji ni wakimbizi na wageni wanakuja kwenu kama wageni, wanalala na kula mnachokula. Na ulivyosema kuhusu 2023 ni kweli tupu. Wanaoandika maombi ya fedha wakidai tamasha litaondoa chuki na kubadilisha sera wanaupa wimbo mzigo ambao si wake. Sera ya kuwafungia watu kambini inabadilishwa bungeni na mahakamani. Watoto wacheze ndombolo kwa sababu ndombolo ni tamu.

Mdogo wangu wa Katumba, wenzako zaidi ya 160,000 walikubaliwa kuwa raia, na bado mwalimu anakuona mkimbizi anapogawa nafasi za igizo. Walimu tunaosoma hapa, hilo halihitaji mfadhili wala semina. Kesho ukigawa nafasi, waache watoto wachague, au piga kura ya vikaratasi.

Bado kuna swali moja ambalo hakuna aliyeligusa, na wazazi ndio ningependa mlijibu. Picha. Mtoto ameigiza, amepigwa picha akilia, picha imewekwa kwenye ripoti na mabango. Akifika miaka 18 akaiona, akitaka iondolewe, anamwendea nani? Mlio Nakivale kule Uganda, Kakuma, Dzaleka, mliwahi kuombwa ruhusa kwa lugha mnayoielewa kabla mtoto wenu hajapigwa picha jukwaani? Na mliposema hapana, ilikuwaje?