Mrejesho: picha za roketi ndogo zenye ukungu

Wakuu, niliuliza kwa nini roketi ya modeli inatoka na ukungu, au fremu inabaki na moshi mtupu. Majibu yenu yamefanya kazi.

Shata (muda wa kamera kupokea mwanga) ya sekunde 1/1000 haitoshi, mapezi ya roketi yanavutika; 1/3200, na tundu la lenzi f/5.6, na wepesi wa kuhisi mwanga ISO 400, kwenye jua kali inayakata safi hadi maandishi ubavuni yanasomeka. Ila dawa yenyewe hasa ni fokasi: ifunge kwa mkono kwenye fimbo ya kurushia, maana ya otomatiki hukimbilia moshi. Mwangaza nao uwe manyueli (uupange mwenyewe), la sivyo mwali unaihadaa kamera na bodi ya roketi inakuwa nyeusi.

Kamera wima, roketi chini ya fremu. Anza kufyatua picha mfululizo kwenye “moja” ya kuhesabu kurudi nyuma; ukisubiri moto, imeshaondoka. Tumia JPEG, RAW (faili ghafi, kubwa) hujaza bafa (kumbukumbu ya muda ya kamera) mapema.