Sanamu uliyoikuta siku ya kawaida tu bila kutarajia, tupeane uzoefu

Mtu wa Mbagala: Wakuu habari zenu. Miaka nane napita Posta, Dar, nakimbilia gari, ile sanamu ya askari tunayoiita Bismini pale Samora sijawahi hata kuiangalia mara mbili. Juzi namsubiri jamaa mwenye hela yangu, hatokei, nikaanza kusoma maandishi pale chini. Kumbe lipo tangu 1927, na linataja mpaka wapagazi, eti walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Babu yake baba alibebeshwa mizigo vita ile ya 1914 hakurudi. Nikaganda pale kama nimepigwa shoti. Hela sikupata. Nyie je?

Dada Kirumba: Mi kipilefti ya Samaki hapa Mwanza, siku ya kwanza nilidhani tangazo la hoteli 😂

Otieno wa Tao: Kwangu ni Dedan Kimathi, yule mpiganaji wa Mau Mau, Nairobi. Tuliambiana na dame tukutane "kwa Kimathi", ndio mara ya kwanza niangalie poa, bunduki mkono moja kisu mkono ingine. Iliwekwa 2007, miaka 50 tangu wamnyonge. Dame alichelewa saa nzima, nikaiangalia hiyo sanamu mpaka ningeandika mtihani juu yake.

Mama Nasri: Ngojeni nami niseme. Nilienda Unguja harusi ya mdogo wangu, tumetoka Darajani na samaki na kanga, jua la kufa mtu, wifi akasema tupite Mkunazini pale kwenye kanisa lilipokuwa soko la watumwa. Mi nilijua tunafuata kivuli tu. Mwanangu miaka mitano, chupa ya maji mkononi, katutangulia mbio. Kufika namkuta amesimama ukingoni mwa shimo kimyaaa, na huyu mtoto huwa hanyamazi. Ndani watu watano wa saruji, minyororo shingoni, na minyororo yenyewe ni ya kweli ya enzi zile. Ananiuliza mama hawa wamefanya nini? Nikakosa la kusema. Mara paap, kawatupia chupa shimoni, anasema wanywe. Wazungu waliokuwa wanapiga picha wakashusha kamera, wifi kaanza kulia, mimi nalia samaki ananuka mkononi. Harusini wakadhani tumegombana.

Dada Kirumba: 😭😭 nipo ofisini jamani

Fundi Bati: Ile ya Mkunazini kachonga mama mmoja wa Uswidi, Clara Sörnäs, 1998. Ila huyo askari wa Posta mi ningemng'oa kesho, alimpigania mfalme wa Uingereza sisi inatuhusu nini

Mtu wa Mbagala: Inakuhusu nini? Kariakoo unakonunua misumari jina limetoka kwa hao hao wapagazi, Carrier Corps. Babu yangu hakuomba kwenda.

Fundi Bati: Basi wamweke mpagazi na mzigo kichwani, sio mwenye bunduki

Sharifu: Hapo hapo Posta kabla ilisimama sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, Waingereza wakamng'oa, akaishia Hamburg, nako wanafunzi wakamwangusha 1968. Kung'oa sio kitu kipya, tulieni.

Otieno wa Tao: Mama Nasri chupa ilitolewa ama?

Mama Nasri: Mlinzi aliitoa, wala hakutufokea. Ushauri wangu usiende na mtoto mdogo.

Sharifu: Mpeleke! Sisi tulipelekwa wakubwa tukawa tunachekeana.

Dada Kirumba: Nenda asubuhi, na samaki nunua ukishatoka.

Mtu wa Mbagala: Jamaa wa hela kasoma hapa, katuma elfu tano. Bado thelathini.